Boksi la Chaki

Ukurasa wa mia moja na tisa una mchoro
na kila mwaka naukuta umechanwa.
Mwaka wangu wa kwanza hapa Newala nilishukuru kimoyomoyo:
niliandika ubaoni MFUMO WA UZAZI, nikakohoa,
nikasema someni wenyewe, maswali kesho.
Kesho yake nikafundisha mizizi ya muhogo.

Ratiba inasema mada hii ni ya mwezi wa tisa,
korosho zikianza kudondoka.
Fadhina Chilumba hakuufikia mwezi wa tisa.
Mwezi wa sita alianza kuvaa sweta mchana kutwa,
wenzake wakasema ni baridi ya huku juu,
na mimi, mwenye shahada,
nikasema ni baridi.

Dawati lake tukalipangia madaftari.

Ndipo nikatoboa boksi la chaki kwa kisu cha jikoni.
Andika usichoweza kukinyooshea mkono, nikawaambia.
Jina usiweke.
Siku ya kwanza: matusi mawili,
na picha yangu nimeota pembe.
Siku ya nne boksi halikufunga.

*Ni kweli ukinywa maji ya chumvi haishiki?*

*Damu ikinikuta nimesimama ubaoni, nitarudije kukaa?*

*Jandoni tulifundishwa kuvumilia kisu.
Kukataliwa na msichana kunavumiliwaje?*

*Wa bodaboda ananileta shule bure tangu Januari.
Nina deni?*

Na kimoja, nyuma ya stakabadhi ya korosho,
kilo mia mbili na kumi, daraja la kwanza,
kwa mwandiko ulioinamia kushoto:

*Nilipotoka unyagoni walisema nimekua.
Nimekuwa nini?*

Nilishika kalamu nyekundu, mazoea,
nikatafuta kosa. Halikuwapo.
Neno la kwanza halina w, la pili linayo.
Katika upana wa herufi hiyo moja
nililala macho.

Asubuhi nikaenda kwa nyakanga, Bi Somoe,
nikamkuta anabangua, vidole vyeusi kwa mafuta ya ganda.
Alisoma kile kikaratasi mara mbili, mdomo ukicheza.
Huyu nimemcheza mimi, akasema. Namjua kwa swali.
Kisha akakaa kimya mpaka chungu kikatokota.
Miaka arobaini nawapa nyimbo na mafumbo.
Fumbo tulimfumbia mtoto,
akaja kulifumbua mwenye pikipiki.
Na wewe, mwalimu, una tarehe, una mishipa,
una majina marefu ya kizungu.
Huna mdomo.

Alhamisi akaja, kanga mbili, viatu vya sikukuu.
Akasogeza madaftari, akakaa dawati la Fadhina.
Mkuu wa shule alisimama dirishani
akihesabu simu za wazazi ambazo bado hazijapigwa.
Bi Somoe alitaja viungo kwa Kimakonde,
kimoja kimoja, bila kupepesa,
kama anayeita mahudhurio.
Wavulana walicheka mpaka cha tatu.
Cha nne hawakucheka.
Mimi nikafuata kwa Kiswahili, sauti ikinikwama,
chaki ikivunjika, mchoro wangu ukienda upande.

Nikachomoa kikaratasi cha bodaboda.
Nikasema: huna deni.
Hata shilingi. Hata asante, kama hutaki.
Hakuna aliyeinua uso.
Safu ya nyuma mtu alishusha pumzi
ndefu, kama anayetua ndoo.

Lile swali la w bado limo mfukoni mwa shati.
Nimelifua nalo mara moja, wino umekimbia,
nalisoma hivyohivyo.

Ijumaa, nikimwaga boksi mezani,
katikati ya vikaratasi kukaanguka kitu kinene:
ukurasa wa mia moja na tisa,
umekunjwa mara nne hadi udogo wa kiberiti,
mikunjo imechakaa, pembe zimelainika kama kitambaa.

Mtu ameusoma huu usiku mwingi,
peke yake,
kwa mwanga wa simu ya kuazima.